Maswali yenu: Elfu tano yako inafika wapi?

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja: hela tunazotoa kwa mashirika yanayosaidia watoto na familia zilizo kwenye matatizo zinafanya nini hasa? Nilikuwa afisa ustawi wa jamii kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Mtoaji ana haki ya kuuliza hivyo, na nitajibu kadiri nilivyoona kwa macho yangu.

Shikamoo mama. Kila mwezi natuma shilingi 5,000 kwa shirika linalosaidia watoto waliofanyiwa ukatili. Naona hata aibu, ni hela ya chai tu. Kweli inasaidia? (Msomaji, Mbeya)

Marahaba mwanangu, na usione aibu. Fikiria usiku mmoja. Jirani anasikia mtoto akilia kilio ambacho si cha siku zote, anapiga 116, namba ya bure ya huduma ya simu kwa mtoto. Taarifa inamfikia mhudumu wa eneo lile, naye lazima atoke. Hapo ni bodaboda. Kutoka pale kwenda polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, kuchukua PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, ni bajaji, maana sasa wako watatu: mtoto, mama yake na mhudumu. Kutoka polisi kwenda hospitali, bajaji tena. Gauni alilokuja nalo mtoto linabaki kama ushahidi, kwa hiyo anahitaji nguo nyingine, na kukikucha anahitaji uji.

Kama mtoto amebakwa, dawa za kumkinga na VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72. Nimewahi kukuta familia imekaa nyumbani siku mbili kwa kukosa nauli. Siku mbili kati ya tatu! Fedha za miradi mikubwa huja zikiwa zimeshapangiwa kazi, huku za semina, huku za mabango. Bajaji ya saa nane usiku haimo. Inalipwa na watu kama wewe, na kwa kuwa elfu tano yako inakuja kila mwezi, mhudumu anatoka bila kujiuliza nauli itatoka wapi.

Nimesoma ripoti ya shirika moja nikakuta sehemu kubwa ya michango imekwenda kwenye mishahara. Huo si ulaji? (Msomaji, Dodoma)

Ndugu yangu, ukichangia kisima utaona saruji na bomba. Mtoto aliyeumizwa na mtu aliyemwamini hatibiwi kwa saruji. Anahitaji mtu yuleyule, Jumanne hii na Jumanne ijayo, asiyechoka wala kubadilishwa. Namkumbuka binti mmoja aliyekaa na mshauri wake wiki tano bila kutamka neno. Walikuwa wakipukuchua mahindi tu, ungo mmoja kati yao. Wiki ya sita akauliza, “Mahakamani nitamwona?” Kesi ilianzia hapo. Katika ripoti ya mwaka, zile wiki tano zilikuwa ndani ya mstari wa mishahara.

Swali la kuwauliza ni hili: wanaolipwa ni akina nani? Kama ni washauri na wahudumu wanaokwenda majumbani, toa kwa moyo mweupe. Kama wengi wamekaa ofisini na wa mitaani wanajitolea bila hata nauli, una haki ya kuhoji.

Kikundi chetu cha vikoba kila Desemba kinapeleka mchele, sabuni na madaftari kwenye kituo cha kulelea yatima. Mwenzetu mmoja anasema tusaidie familia badala yake. Tumebishana sana. (Akina mama, Moshi)

Mwenzenu ana hoja nzito. Watoto wengi wanaoishi vituoni, kwetu na kwingineko duniani, wana mzazi aliye hai au ndugu. Kilichowatoa nyumbani mara nyingi ni ufukara. Mwaka 2000 watafiti walianza kuwafuatilia watoto 136 wa vituo vya Bucharest, Romania. Waligawanywa kwa kura, nusu wakapelekwa kwa familia za kuwalea. Hao wa kwenye familia walikua vizuri zaidi kiakili na kihisia, hasa waliopelekwa wakiwa bado wachanga. Mwaka 2022 Kenya ilizindua mpango wa miaka kumi wa kuwatoa watoto vituoni na kuwarudisha kwenye familia. Hapa Tanzania tuna familia za kuaminika, zinazompokea mtoto kwa muda wakati ustawi unatafuta ndugu zake.

Mchele wenu msiukatishe ghafla, wapo watoto wanaoula leo. Ila mkifika, muulizeni mlezi mkuu: ni watoto gani wana bibi au shangazi, na kinachowazuia kurudi ni nini? Msishangae jibu likiwa mtaji wa genge, au kodi ya chumba ya miezi mitatu. Kikoba kinaweza hilo.

Nitajuaje kama si matapeli? (Msomaji, Ubungo)

Omba kuona cheti cha usajili na ripoti ya mwaka. Hela itumwe kwenye akaunti yenye jina la shirika, si kwenye simu ya mtu binafsi. Na wakikuonyesha sura ya mtoto aliyefanyiwa ukatili ili wakutoe machozi, ondoka. Anayemlinda mtoto hamtembezi hivyo.

Shirika lililokuwa likihudumia kata yetu limefunga baada ya Marekani kusitisha misaada mwaka 2025. Sisi wa kawaida tufanye nini? (Msomaji, Kigoma)

Pole sana. Pengo la USAID, shirika la misaada la Marekani, hatuwezi kulijaza kwa michango ya mtaani, na serikali isipumzike kwa sababu sisi tunachanga. Lakini ule usiku wa bajaji hausubiri bajeti.

Upo mtaa ninaoujua ambako majirani 12 wanatoa 2,000 kila mmoja kwa mwezi. Wamepatana na dereva mmoja wa bajaji, anayefahamika na afisa ustawi, atoke saa yoyote akipigiwa. Mhazini ana daftari. Hakuandikwi jina la mtoto wala la nyumba, ni tarehe, saa na nauli tu. Nilipolifungua mara ya mwisho lilikuwa na safari 11, saba kati yake baada ya saa sita usiku.