Kuhusu chozi, wale ndege wadogo wafyonza maua, wanaokuja kwenye mishubiri ya uani
Ndugu, kwa kuwa umeuliza kama uwawekee chozi maji ya sukari ili wasiondoke uani kwako, ningekushauri uongeze mishubiri badala yake, na zaidi ya hapo uache kupuliza dawa ya wadudu, kwa sababu ndege hawa hawaishi kwa maji matamu ya maua pekee bali hukamata pia wadudu na buibui, ambao ndio hasa chakula wanachowapa makinda yao. Utando wa buibui nao usiufagie wote: chozi jike, ambaye kwa rangi yake iliyofifia watu wengi hawamtazami, huutumia kuunganisha nyasi za kiota kinachoning'inia kama kifuko, chenye mlango ubavuni. Ukikiona, mtazame kwa mbali, hasa asubuhi.