Maswali ya Wasomaji: Maji ya Kikuletwa, Ng'ombe Wawili na Betri Inayochoka Mapema

SWALI: Wanafunzi wangu wameniuliza kama umeme wa bwawa la Nyumba ya Mungu nao ni nishati jadidifu, kwa kuwa wakati wa ukame mgao wa umeme huwa unarudi. Niwajibuje? – Mwalimu, Moshi

JIBU: Wajibu kwamba ni nishati jadidifu, Mwalimu. Kinachoipa sifa hiyo ni kwamba chanzo chake hujirudisha chenyewe, kama mvua inavyoujaza mto tena, na si kwamba hakipungui kamwe. Maji ya Kikuletwa yanayoteremka kutoka Meru na Kilimanjaro huungana na ya Ruvu katika bwawa hilo, yakazungusha mitambo ya megawati 8, kisha yakashuka na mto Pangani hadi Hale, kwenye megawati 21, na hadi Pangani mpya, kwenye megawati 68. Maji yale yale yanafanya kazi mara tatu bila kuteketea. Ukame ukija, vituo vyote vitatu vinaumia pamoja, na hiyo ndiyo sababu nchi haipaswi kutegemea maji peke yake, hata baada ya kupata bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 kule Rufiji.

SWALI: Ninaishi Kibosho na nina ng'ombe wawili wa maziwa ninaowafugia bandani. Kuni siku hizi ni za kununua, na moshi unaniumiza macho. Mwanangu aliyeko mjini anataka kuniwekea sola, ilhali jirani ananishauri nijenge mtambo wa biogesi. Nimsikilize nani? – Mama, Kibosho

JIBU: Mama, moshi unaokusumbua unatoka jikoni, si kwenye taa, kwa hiyo jirani yako ndiye aliyelenga. Paneli ya wati 100 inatosha kwa taa, simu na redio, lakini jiko la kawaida la umeme hutaka wati 1,000 na kuendelea, na kupikia jua hadi usiku kunahitaji paneli kadhaa pamoja na betri za bei kubwa. Mwanao hata hivyo asivunjike moyo. Anunue paneli ndogo ya taa, na fedha itakayobaki aiweke kwenye saruji na tofali za mtambo.

Ng'ombe wa maziwa anayelishwa vizuri bandani hutoa samadi ya kilo 15 hivi kwa siku, au zaidi. Kilo moja ya samadi mbichi huweza kutoa takribani lita 40 za gesi, na jiko la pleti moja hutumia lita 300 hadi 400 kwa saa, kwa hiyo ng'ombe wako wawili wanaweza kukupa karibu saa tatu za moto wa bluu usio na masizi. Hapo chai, mtori na mboga vinapatikana bila wasiwasi. Makande ni lazima uyaloweke usiku kucha, la sivyo yatamaliza gesi ya siku nzima.

Kazi ya kila siku ni kuchanganya samadi na maji kwa kiasi kinacholingana na kuumimina mchanganyiko huo kwenye kuba lililojengwa chini ya ardhi, ambamo bakteria wasiohitaji hewa huuchachusha na kutoa gesi ya metheni. CAMARTEC, kituo kilichoko Arusha, kimeshughulika na mitambo ya namna hii tangu miaka ya 1980, na ni vyema ukaulizia huko fundi aliyefunzwa, kwa sababu kuba lenye ufa ni shimo la samadi tu. Bakteria hao hawapendi baridi, na Kibosho si Moshi mjini: Juni na Julai gesi itapungua. Chagua mahali panapopata jua, karibu na banda, mbali na mizizi ya miti mikubwa. Maji ya sabuni na dawa za kuoshea banda yasiingie mtamboni, kwa maana yanaua bakteria. Mabaki ya majani nayo huelea na kutengeneza utando mgumu unaozuia gesi. Gesi ya mwanzo kabisa mara nyingi haiwaki, nayo huachwa itoke nje, mbali na moto. Siku ukiona moto unarukaruka, mara nyingi ni maji yaliyojikusanya kwenye bomba. Fungua valvu ya kuyatolea.

Wengi hujenga mtambo kwa ajili ya jiko, lakini mimi naona tope linalotoka upande wa pili lina thamani kuliko gesi yenyewe. Halinuki kama samadi mbichi, na naitrojeni yake hufyonzwa na mimea kwa urahisi zaidi. Lielekeze kihambani kwa mfereji, migomba na kahawa vitafaidi.

SWALI: Nina paneli na betri ya volti 12. Desemba taa ziliwaka hadi usiku wa manane, lakini tangu Juni zinazima saa tatu. Fundi anasema ninunue betri mpya. Je, ni kweli? – Msomaji, Ngaramtoni

JIBU: Huenda ni kweli, lakini usitoe fedha kabla ya kupanda juu ya bati. Juni na Julai mawingu hukaa sana kwetu, na hilo peke yake hupunguza chaji. Kuna jambo jingine ambalo mafundi wengi hulisahau: Desemba jua la mchana huwa upande wetu wa kusini, na Juni huhamia kaskazini, hivyo mti ulio kaskazini mwa nyumba, ambao Desemba haukuwa na madhara, sasa unaweza kutupa kivuli juu ya paneli. Seli za paneli zimeungwa kwa mfuatano, na kivuli cha tawi moja kinaweza kuiangusha paneli karibu yote. Kata tawi, futa vumbi, na hakikisha paneli imeinama kidogo kuelekea kaskazini.

Kisha, kama betri yako ni ya risasi na asidi, ipeleke ikachajiwe ijae, iache usiku mzima bila kuunganishwa na kitu, na asubuhi uipime. Ikisoma volti 12.6 au zaidi, tatizo lina uwezekano mkubwa wa kuwa huko juu ya bati. Ikiwa imeshuka hadi karibu 12 bila kutumika, fundi wako yuko sahihi.