Kabla hujaandika "anaswa": niliyojifunza kuripoti kesi za pufya kutoka Eldoret

Jina la mkimbiaji likitoka tu kwenye orodha ya AIU, kile kitengo cha riadha duniani kinachoshughulikia kesi za pufya, yaani dawa zilizokatazwa michezoni, simu yangu inaanza kuita hata sijanawa uso. Watu wananitumia skrinshoti, mwingine anauliza "kumbe hata huyu?", mhariri naye anataka stori ndani ya nusu saa manake wenzetu washaweka. Nimeripoti riadha huku Eldoret na Iten miaka 13 sasa, na kabla ya hapo nilikuwa mkimbiaji mpaka goti likakataa, kwa hivyo hawa watu si majina kwangu, nimekula nao ugali kambini na wengine nimewashikia jaketi wakipasha misuli. Nimekosea kwenye hizi habari mara mbili, na makosa yenyewe yanatofautiana kabisa. Naandika haya kwa vijana wanaoanza, wenye chaneli za YouTube, wenye peji za Facebook, na kwa yeyote mwenye kidole cha kubonyeza "share".

Kosa la kwanza lilikuwa kutetea. Ijumaa ya tarehe 31 Oktoba 2014 ikatoka habari kwamba Rita Jeptoo, mshindi wa Boston na Chicago, sampuli yake imekutwa na pufya, nayo ilikuwa EPO, dawa ya kuongeza chembe nyekundu za damu. Siku mbili baadaye alikuwa apokee zawadi ya dola 500,000 kule New York ya kuwa bingwa wa mbio kubwa za marathon. Mimi sikungoja hata jioni. Nikaandika kirefu kwamba hii ni njama, wazungu wamechoka kuona migongo yetu, vipimo vina makosa, na kadhalika, na watu wakanipigia makofi mpaka nikajiona shujaa. Sampuli B, ile ya pili ya kuhakikisha, ikathibitisha ya kwanza, akapigwa marufuku miaka 2, kisha 2016 mahakama ya michezo ya CAS ikaongeza ikawa 4. Ile makala yangu haikuwa na kitu hata kimoja nilichokuwa nimekihakiki, sikuwa nimesoma karatasi yoyote, nilikuwa naandika kwa uchungu tu.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba minong'ono ya sindano tulikuwa tunaisikia hapa mjini, kila mtu alikuwa na binamu anayejua duka fulani la dawa, na hakuna hata mmoja wetu aliyeenda kugonga huo mlango. Waliogonga ni wageni. Televisheni ya Ujerumani, ARD, ilishaanza kuongelea Kenya tangu 2012. Halafu mapema 2016 waandishi wa ARD na Sunday Times ya Uingereza wakaja na kamera ya siri wakijifanya watu wa timu ya kigeni, wakamnasa afisa wa riadha Michael Rotich akizungumzia pauni 10,000 ili awe anawatonya kabla ya wapimaji kufika. Video ikatoka wakati yeye ndiye meneja wa timu yetu ya riadha kwenye Olimpiki ya Rio, akarudishwa nyumbani, baadaye akafungiwa miaka 10. Hayo yalitendeka huku kwetu, mahali ninapopanda matatu kila wiki. Tulinyamaza kwa sababu tunawapenda hawa wakimbiaji na kwa sababu mwandishi akiuliza swali baya leo, kesho haruhusiwi kuingia kambini. Nakuelewa ukiogopa. Lakini ukinyamaza, yule msichana wa Kapsabet anayekimbia bila kitu chochote mwilini na anamaliza wa nne kila mara, wa tano kila mara, hana mtu wa kumsemea.

Hivo usichukulie swali kama tusi. Ruth Chepngetich alipokimbia marathon ya Chicago kwa saa 2:09:56 tarehe 13 Oktoba 2024, mwanamke wa kwanza duniani kushuka chini ya 2:10, mwandishi mmoja wa Marekani alimuuliza palepale kwenye mkutano wa wanahabari, watu wanaosema muda huo hauwezekani bila dawa anawaambia nini. Huku nyumbani ikawa moto, suala likafika hadi bungeni, watu wakidai jamaa aombe msamaha. Mimi siku hiyo nilikaa kimya, nilikuwa nimeshajifunza. Mwandishi ana haki ya kuuliza. Jibu ni la mkimbiaji mwenyewe kulitoa, si langu wala la mbunge.

Na kesi ya pufya ya Chepngetich ilipokuja kweli, ndiyo niliitumia kuwafundisha vijana wawili ninaofanya nao kazi jinsi ya kusoma. Julai 2025 ikatangazwa kwamba amesimamishwa kwa muda kwa ajili ya HCTZ, hiyo ni dawa ya presha inayokufanya ukojoe sana, wanamichezo wanakatazwa kwa sababu inaweza kuficha dawa nyingine. Mtandaoni nusu ya watu wanasema "rekodi ifutwe leo", nusu wanasema "ni dawa ya presha tu, wanamuonea". Nikawaambia vijana wekeni simu chini, tuchukue karatasi, tutafute mambo manne: ni dawa gani, sampuli ilichukuliwa lini, kiasi gani, na kesi imefika hatua gani. Sampuli ilikuwa ya tarehe 14 Machi 2025, yaani miezi 5 baada ya Chicago, kwa hivyo matokeo yaliyofutwa ni ya kuanzia siku hiyo kwenda mbele na rekodi ya Chicago ikabaki vitabuni. Kiasi, maabara inatakiwa kuripoti kuanzia nanogramu 20 kwa mililita na yake ilikuwa kama 3,800. Baadaye akaeleza alimeza dawa ya msaidizi wake wa nyumbani alipokuwa mgonjwa, Oktoba akapewa miaka 3, ingekuwa 4 ila alikubali mapema akapunguziwa mmoja. Ukishaweka hayo yote mezani unaona wale wa "ifutwe" na wale wa "wanamuonea" wote walikuwa wanapiga kelele bila kujua tarehe. Msomaji akipata tarehe na namba anaweza kuamua mwenyewe, si lazima umwamulie.

Jifunzeni na dawa zenyewe jamani. EPO haiingii mwilini kwa uji wala kwa dawa ya mafua, ni ya kudungwa, kwa hivyo mtu akikutwa nayo maswali ni mengine kabisa. Triamcinolone ni ya kutuliza uvimbe, daktari anaweza kukuchoma kwenye goti kwa nia njema tu, na ndiyo iliyomnyang'anya Diana Kipyokei ushindi wake wa Boston wa 2021. Ukiita zote "dawa za kusisimua misuli" halafu ukasonga mbele, umemficha msomaji kitu kikubwa. Na usiishie kwa mkimbiaji. Sindano haijidungi, kuna mtu aliuza, kuna mtu alidunga, kuna mtu alilipa, na tangu 2016 tuna sheria ya nchi inayowagusa hata hao. Jina la msichana wa miaka 24 linazunguka dunia nzima na yule wa duka la dawa anafungua kesho asubuhi kama kawaida, na sisi waandishi tumechangia hilo kwa sababu jina la msichana ndilo linaloleta kliki.

Ukianza kuuliza kuhusu hao wa nyuma, linda anayekuambia. Hapa kwetu ukiandika "mtu mmoja wa kambi fulani alisema" na kambi ina watu 6, kabla ya chai ya saa nne kila mtu anajua ni nani. Siandiki kambi, siandiki alikuwa anapika au anakanda misuli, siandiki hata siku tuliyoonana. Simu naiacha nyumbani. Kuna mwanamke aliniambia mambo nikiwa nimemsaidia kubeba mahindi kutoka kwa posho mill, tukaongea tukitembea, na mpaka leo sijaandika chochote ambacho kinaweza kurudi kwake.

Pia usimeze utetezi mzima mzima kwa sababu tu umetoka kwa mtu unayempenda. Wilson Kipsang, aliyewahi kushika rekodi ya dunia ya marathon, alikuwa akikosa vipimo, na kuhusu kipimo kimoja cha Mei 2019 akasema lori lilianguka likaziba barabara, akatoa na picha. Wachunguzi wakaikagua ile picha, kumbe ajali ilitokea Agosti. Akafungiwa miaka 4, kwa kukosa vipimo na kwa huo ushahidi wa uongo. Jemima Sumgong, Mkenya wa kwanza mwanamke kushinda dhahabu ya marathon ya Olimpiki, alifungiwa 4 kwa EPO na ikapandishwa hadi 8 kwa sababu ya karatasi za hospitali zisizo za kweli. Mwandishi yeyote wa hapa angeweza kupiga simu moja akauliza lori lilianguka siku gani. Na wewe mkimbiaji unayesoma hapa, mwandishi akikupigia, hata mimi nikikupigia, una ruhusa kusema "barua nimeipata, nitajibu kwa wakili" ukakata simu. Hadithi unayotunga kwa hofu saa mbili za kwanza ndiyo itakayokumaliza.

Sasa kosa la pili, ambalo bado sijamaliza kulilipa.

Ilikuwa 2019. Baada ya Jeptoo nilikuwa nimeapa sitatetea mtu tena, na Aprili mwaka huohuo Asbel Kiprop, mkimbiaji wa mita 1,500 ambaye tulimshangilia sote, alikuwa amefungiwa miaka 4. Nikawa mkali. Likatoka jina la kijana mmoja, sitamtaja, mkimbiaji wa mita 10,000 aliyekuwa ndo anaanza kupata mialiko Ulaya. Nilikuwa kwa matatu, nikaona jina lake na neno "amesimamishwa", nikaandika kwa simu kabla hatujafika, kichwa cha habari kikasema anaswa na pufya. Sikusoma safu ya pembeni inayosema ni kosa gani. Kesi yake ilikuwa ya kutopatikana.

Kwa asiyejua, mkimbiaji aliye kwenye orodha ya kupimwa anaandika kila siku analala wapi, na anachagua dakika 60 kati ya saa kumi na moja asubuhi na saa tano usiku ambazo lazima apatikane mahali alipoandika. Ukikosea mara 3 ndani ya miezi 12 ni kosa, unaweza kupewa hadi miaka 2, na hapo hakuna aliyekupata na dawa yoyote. Ni kosa kweli, silipunguzi, kuna wanaokimbia wapimaji makusudi. Lakini huyu alikuwa amehama kutoka Iten kwenda Kaptagat, simu imeharibika, bando hakuna, hakubadilisha anwani, na mimi nikaiambia nchi kwamba ana dawa mwilini.

Alinipigia usiku. Hakunitukana, ningependa angenitukana. Aliniambia, "Broo, mimi sijawahi kudungwa kitu, lakini mama hauzi maziwa tena."

Nilienda huko kwao Jumapili. Mama yake alikuwa akiuzia maziwa kando ya barabara, na wateja walikuwa wameanza kupita kana kwamba hawamuoni, wanasema ng'ombe wa yule mama wamenunuliwa na pesa za sindano. Alinikaribisha kama mgeni yeyote, akaniletea mursik, maziwa yetu ya kugandisha, kwenye kikombe cha bati, akakaa kwenye kiti kingine akiwa ameshika leso kwa mikono miwili. Nikaomba msamaha kwa Kiswahili changu chote. Akasikiliza mpaka nikamaliza, kisha akauliza, "Sasa hiyo sindano mlisema, ilipatikana wapi? Manake mimi nilitafuta nyumba yote."

Alikuwa ametafuta chini ya godoro la mwanawe. Kwa sababu yangu.

Tangu hapo ninaandika kila neno kwa jina lake: "ameshtakiwa", "amesimamishwa kwa muda", "amepatikana na hatia" hayo ni mambo matatu, na "hakupatikana kupimwa" ni la nne kabisa. Mhariri akibadilisha kichwa cha habari naomba jina langu litolewe. Na kama ni marekebisho, yawekwe palepale kwenye linki ileile, juu, kwa herufi kubwa kama za kosa, kwa sababu mtu aliyesoma uongo ukurasa wa kwanza hatafuti ukweli ukurasa wa saba.

Kijana alimaliza adhabu yake, amerudi mbioni, hakimbii kama zamani lakini anakimbia. Juzi niliandika jina lake kwenye Google. Kitu cha kwanza kutokea ni kichwa changu cha habari cha 2019, na marekebisho yako mbali huko chini, mistari miwili, linki tofauti. Nimeandikia ofisi mara tatu waitoe au waibadilishe. Jumatatu naenda mwenyewe.