Mleta uzi, hiyo saa tisa ifute kabisa

Nimeacha chai ipoe kwa ajili yako. Unauliza bajeti ya siku kumi, watu wanne, mabegi mgongoni, Kilwa hadi Mtwara. Unauliza hema au gesti, usalama wa mabinti wawili mlio nao, malaria, na kama kuna usafiri wa chombo cha tanga. Yote sawa. Halafu katikati umepenyeza sentensi moja kama mtu anayetaja chumvi: "Kitunda hadi Sudi tutatembea ufukweni, mwenyeji mmoja katuambia lile hori linavukika saa tisa mchana, maji ya magoti." (Kwa wasiojua: hori ni mkono wa bahari unaoingia nchi kavu. Kitunda ni ng'ambo ya ghuba ya Lindi, Sudi ni kijiji cha pwani mbele yake.)

Nani kakwambia? Maana hiyo saa tisa naijua kwa jina na kwa sura. Imenila kamera ya shemeji yangu, simu tatu, na heshima yote niliyokuwa nimejijengea kwa wenzangu.

Agosti 2022. Tulikuwa wanne: mimi, jamaa yangu tunayemwita Profesa (hajafundisha popote, anabisha tu), binamu yake, na dada mmoja wa Kijerumani tuliyekutana naye Kilwa Masoko. Yeye alikuwa anateremka Lindi kwa sababu ya yule mjusi mkubwa wa kale (dinosaria) wa Tendaguru, kilima cha huko huko Lindi, aliyechimbwa kati ya 1909 na 1913 na mifupa yake kupelekwa Berlin. Alimwona kwao tangu utotoni, akataka kuona alikotoka. Tukaungana. Mwenyeji wetu, yule ambaye kila ukimuuliza kwao anasema "Kusini" na ukimbana sana inakuwa Tabata ya Dar es Salaam, alitupa ramani aliyoichora kwenye karatasi ya maandazi. Pale kwenye hori, kabla hujafika Sudi, akaandika kwa kalamu nyekundu: SAA TISA. Akaapa kwamba yeye mwenyewe kapita hapo siku tisa zilizopita, saa tisa na nusu alasiri, maji hayakufika kwenye kaptula.

Na hapo ndipo uchungu ulipo, ndugu yangu. Hakudanganya. Alipita kweli.

Tulivuka ghuba ya Lindi asubuhi, tukashuka Kitunda. Pale ufukweni palikuwa na bibi mmoja na wanawake wenzake wanarudi na pweza, vijiti vyao begani. Tukamwamkia. "Marahaba wanangu, mnakwenda wapi na mizigo hiyo?" Sudi, bibi, kwa miguu. Akatazama bahari, akatutazama sisi, akasema, "Leo bamvua. Maji yakirudi leo yanarudi na hasira." (Bamvua ni siku za maji makubwa.) Profesa akacheka, akamwambia bibi sisi tuna ramani. Mimi nami nikacheka. Nakiri hapa mbele ya wakuu wote, nilicheka kwa sauti.

Safari ya asubuhi ilikuwa tamu mno. Bahari imekwenda mbali huko, mchanga mgumu kama lami, miamba nje, watoto wanaokota chaza. Mtu unajiona umezaliwa kwa ajili ya safari. Saa nane na nusu tukafika kwenye hori. Limekaa katikati ya mikoko, upana wake si wa kutisha, ukirusha jiwe vizuri linafika. Maji yanaingia taratibu, yana povu jembamba. Mjerumani akasema hapendi yanavyokwenda. Profesa akamwonyesha karatasi ya maandazi.

Tukaingia saa tisa kasoro robo, ili tuwahi. Hatua kumi, magoti. Hatua ishirini, kiuno. Hapo mwenye akili anarudi. Sisi tukasema katikati ndipo panapozama kidogo, mbele patainuka. Begi likapanda kichwani. Chini si mchanga tena, ni tope la mikoko, linakushika mguu kama mdai. Maji yakafika kifuani, na hayakusimama kifuani, yanakusukuma kwa ubavu kuelekea ndani ya mikoko. Profesa akateleza. Alipoibuka alikuwa na kofia, hana begi. Begi lile ndilo lilikuwa na kamera. Mimi nililishika langu hadi mwisho kwa ushujaa mkubwa, ila nililishikia chini ya maji.

Tukaishia juu ya mikoko. Watu wazima wanne tumekaa kwenye matawi kama kima, usubi wanatuhesabu mmoja mmoja, maji yanapanda na sisi tunapanda. Kuanzia saa tisa na ushei hadi karibu na magharibi. Akaja mzee na mtumbwi anatoka kutega. Nami kwa adabu niliyolelewa nayo nikasema kutoka mtini, "Shikamoo mzee." Akaacha kupiga kafi. "Marahaba. Mmepanda kufanya nini?"

Alituvusha wawili wawili kwa elfu sitini. Siwezi kumlaumu, angesema laki tungelipa. Noti zilikuwa zimelowa, akazianika kwenye kafi.

Sasa sikiliza kwa nini yule jamaa alipita na sisi tukapanda miti, maana hili hakuna aliyetueleza. Maji ya bahari hayafuati saa yako, yanafuata mwezi. Kila siku kujaa na kupwa kunachelewa kwa kama dakika 50 kuliko jana. Siku moja si kitu. Piga hesabu ya wiki: karibu saa 6. Yaani saa ile ile ambayo leo bahari imetoka, baada ya wiki moja imejaa. Pwani yetu hii, mwezi ukiandama au ukipevuka ndiyo bamvua, na maji hujaa sana mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, huku yakikupwa kabisa mnamo saa nne na saa tano, asubuhi na usiku. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, na hapo inageuka: alasiri ndiyo yanatoka, ingawa hayatoki mbali. Yeye alipita na mwezi nusu. Sisi tulifika tarehe 29, siku mbili baada ya mwezi kufa. Saa tisa yake ilikuwa kupwa. Saa tisa yetu ilikuwa maji yanakuja mbio, na kwenye bamvua huku Kusini bahari inapanda zaidi ya mita 3.

Na haipandi sawasawa. Saa ya kwanza baada ya kupwa inapanda kidogo tu, inakulaghai. Saa ya tatu na ya nne ndizo zinazobeba karibu nusu ya maji yote. Hesabu mwenyewe: siku ile yalikupwa kama saa tano asubuhi, sisi tukaingia saa tisa kasoro. Ungetafuta wakati mbaya zaidi wa kuingia kwa makusudi usingeupata.

Kwa hiyo mtu akikupa saa bila kukuambia mwezi, hajakupa kitu. Rudia na wenzako kwenye basi: usiulize saa ngapi, uliza maji. Leo ni bamvua au maji mafu? Yamekupwa saa ngapi leo, si juzi? Na umuulize anayeingia baharini kila siku. Si wa hotelini, si kijana wa bodaboda, si mwenyeji wa kwenye simu. Muulize mwanamke anayechokoa pweza. Yule akikosea saa, watoto wake wanalala na njaa, kwa hiyo hakosei.

Huyo mwenyeji nilimpigia baadaye kwa simu ya kuazima. Unajua alisema nini? "Mlichelewa." Tulichelewa! Ningekuwa na nguvu siku ile ningemfuata Tabata kwa miguu. Na kilichoniudhi si kukosea, kila mtu hukosea. Ni kwamba alipita mara moja, maisha yake yote mara moja, akatoka hapo fundi wa pwani nzima, anawachorea watu ramani. Nyuzi za safari zimejaa watu wa aina hiyo. Kapita jana, leo ni mwenyeji. (Ndiyo, najua, na mimi nimepita mara moja. Ila mimi nimepita vibaya, kuna tofauti.)

Kuhusu simu, mtu asinijie na mchele. Niliifukia kwenye mchele kilo mbili siku tatu. Wali ulipikwa, ulikuwa mzuri, simu haikupona. Kilichopona ni begi la Mjerumani peke yake, kwa sababu vitu vyake vilikuwa ndani ya mfuko mnene wa mpira unaokunjwa mdomo mara tatu ndipo ukafungwa. Tangu Kilwa tulikuwa tunamtania anatembea na kiriba. Pasipoti kavu, simu kavu, hata biskuti kavu, na akatugawia. Jioni ile Sudi akatukumbusha kwamba mifupa ya yule mjusi ilibebwa na wapagazi kwa miguu kutoka Tendaguru hadi bandari ya Lindi, tani kwa tani, ikafika. Sisi kamera moja. Sikupata jibu.

Haya, maswali yako mengine. Chombo cha tanga kutoka Kilwa kushuka Lindi mwezi wa saba, sahau. Kusi, upepo wa kutoka kusini, linakuja usoni, mtapiga bisho, yaani kwenda upande upande kuukata upepo, hadi mtapike. Ibn Battuta, yule msafiri wa kale, alifika Kilwa 1331 kwa kufuata upepo, nanyi ufuateni, au pandeni basi. Kilwa Kisiwani kateni kibali Masoko kabla ya kuvuka, msijifanye wajanja. Gesti sisi tulilipa elfu kumi na tano hadi ishirini na tano chumba, Mikindani, jirani na Mtwara, ilizidi kidogo. Stendi za Lindi na Mtwara nunueni ming'oko (mizizi ya porini) ya kuchemsha, chumvi na pilipili, inashikilia tumbo hadi jioni. Sudi yenyewe nendeni, pazuri, lakini nendeni kwa bodaboda kutoka barabara kuu. Kama lazima mtembee, ondokeni na maji yanayotoka, na mkikuta hori yameshaanza kurudi, kaeni chini mle biskuti, msubiri. Bahari ikitoka tena mtavuka. Hakuna aliyekufa kwa kulala ufukweni usiku mmoja.

Malaria uliuliza nini hasa? Na la mabinti, nitarudi nikipata nafasi, hapa nimeshaandika sana na bado nina hasira.

Hema njooni nalo, au nunueni langu, nalitoa kwa bei ya chini, lina harufu ya tope ambayo mke wangu ameikataa ndani ya nyumba. Na mkishuka Kitunda mkamkuta yule bibi, mwamkieni, muulizeni maji. Msimwambie mnanifahamu. Tulipita tena pale siku ya tatu kurudi Lindi kutafuta simu za bei nafuu, alituona kwa mbali, akaweka ndoo ya pweza chini ili acheke vizuri.