Fedha za umma za tabianchi na umeme wa majumbani: yaliyotupata sisi Wete

Waalaykumu ssalaam ndugu yangu wa Micheweni, na uniwie radhi kwa kuchelewa kukujibu. Umeeleza kwamba kikundi chenu kiliandika barua kuomba fedha za mabadiliko ya tabianchi ili kila mwanachama afungiwe paneli za jua nyumbani kwake, barua ikakaa miezi saba, kisha mkajibiwa kwa mdomo tu kwamba haiingii. Unauliza kama fedha hizo zipo kweli au ni za kusikia redioni, na kama zipo, mtu wa kawaida atapunguzaje gharama za umeme wa nyumbani kwake kwa njia hiyo. Nitakujibu kwa yale tuliyoyapitia katika shehia yetu (eneo dogo la utawala linaloongozwa na sheha) wilayani Wete, hapa hapa Pemba, ambako nimekuwa katibu wa kamati kwa miaka sita, kwa sababu barua kama yenu na sisi tuliiandika, na sisi tukarudishwa.

Fedha zipo. Kosa lenu na letu ni moja, nalo ni kutaka fedha za umma ziingie ndani ya nyumba za watu. Afisa anayepitia maombi hutazama kwanza nani atafaidika zaidi ya wale waliotia saini, na ukimwombea nyumba ishirini paneli ishirini, anachokiona yeye ni mali ya watu ishirini iliyonunuliwa kwa fedha za wote, na mkaguzi akija atakayeulizwa ni yeye. Jambo hili tulilifahamu baada ya kukasirika sana, na wa mwanzo kukasirika nilikuwa mimi. Njia iliyotufaa ni kuomba fedha kwa ajili ya kitu cha wote ambacho hivi sasa kinakula fedha za mifukoni mwetu, na kile kitakachobaki mifukoni ndicho kikatengeneze mambo ya majumbani.

Kwetu kitu hicho kilikuwa pampu ya kisima. Kisima kile kinahudumia nyumba 60, skuli na kituo cha afya, na kila nyumba ilikuwa ikitoa shilingi 2,000 kwa mwezi ili inunuliwe Tukuza, yaani umeme wa kulipia kabla, ya pampu. Michango ikipungua, khasa miezi ambayo karafuu hazipo, pampu hunyamaza, na watoto wa kike hurudi kuchota kwenye kisima cha zamani cha bondeni ambacho maji yake yameanza kuonja chumvi. Hapo ndipo suala la tabianchi linapoingia, na si kwa kulazimisha. Utafiti wa Idara ya Mazingira wa mwaka 2012 ulihesabu maeneo 148 ya Zanzibar yaliyovamiwa na maji ya bahari, na 123 kati ya hayo yako Pemba. Wewe wa Micheweni huhitaji kusimuliwa; mabonde ya mpunga yaliyoachwa kwa sababu ya chumvi unayaona kwa macho yako.

Ombi letu la mwanzo halikuwa na hata tarakimu moja, lilijaa maneno kama "wananchi wanateseka". La pili tulilitayarisha kwa daftari. Tulichagua nyumba 14 na pampu yenyewe, tukakubaliana kwamba kila siku baada ya sala ya Alasiri mtu mmoja wa kila nyumba asome mita na kuandika. Nikuonye mapema juu ya jambo lililotuvuruga wiki nzima: tarakimu tuliyokuwa tukiisoma kwenye mita ya Tukuza ni ya uniti zilizobaki, si zilizotumika, kwa hiyo mtu akinunua umeme asubuhi asiandike, jioni daftari litaonesha kwamba nyumba yake imezalisha umeme. Tulipata nyumba tatu za namna hiyo, tukacheka, kisha tukaanza upya tukiwa na safu mbili, moja ya uniti zilizobaki na moja ya uniti zilizonunuliwa.

Wiki nne zilitosha kutufunza yale ambayo miaka ya kulalamika haikutufunza. Kila mtu alidhani umeme unaliwa na taa. Kweli taa ya zamani ya wati 60 ikiwaka kwa muda wa saa tano kila usiku hula uniti 9 kwa mwezi, na ya LED ya wati 9 kwa saa hizo hizo haifiki uniti moja na nusu, lakini nyumba nyingi zilikwisha badilisha taa zamani. Mla umeme mkubwa alikuwa friji. Bi mmoja jirani yangu, anayeuza barafu za ubuyu na ukwaju kwa watoto wa skuli, alikuwa akitumia karibu uniti nne kwa siku. Alipokwenda Unguja kwenye harusi akalizima friji, matumizi ya nyumba yakashuka hadi uniti moja na kidogo, na wanawe wamo ndani na feni zinazunguka kama kawaida. Tulikwenda kulitazama lile friji. Limebanwa ukutani mpaka nyaya za mgongoni zimegusa chokaa, upande mmoja liko jiko, na mpira wa mlango umekauka kama ngozi ya ngoma. Fundi alichukua noti ya shilingi 1,000, akaifungia mlangoni nusu ndani nusu nje, akaivuta kwa vidole viwili, ikatoka bila ya kubishana. Hapo akasema baridi yote inapitia palepale. Mpira ukabadilishwa, friji likasogezwa mbali na jiko na kutengwa na ukuta kwa kadiri ya shibiri, na tangu hapo nyumba ile inatumia kati ya uniti mbili na nusu na tatu kwa siku, barafu zikiuzwa vilevile.

Nimerefusha hapa kwa makusudi, kwani daftari hili ndilo lililobadilisha mazungumzo yetu na maofisa. Tulipokwenda wilayani tukiwa na kurasa za wiki nne na risiti za pampu za miezi kumi na moja, alizokuwa amezihifadhi sheha wetu katika bati la biskuti, hakuna aliyetuambia haiingii. Tuliulizwa maswali ya maana, kama vile nani ataishika pampu ikiharibika na kisima kiko kwenye ardhi ya nani. Hilo la ardhi lilituchukua miezi miwili, kwa vile warithi wa kiwanja walikuwa Tanga na Mombasa, na bila ya maandishi yao ombi lisingesogea. Ukiwa na jambo kama hilo, lianze kabla ya barua.

Kuhusu wapi pa kuomba, mlango wa mwanzo ni shehia. Jambo lenu liingie katika vipaumbele vya shehia kwa muhtasari wa mkutano wenye saini, ndipo lende katika Halmashauri ya Wilaya yenu, kwa sababu karibu kila mfuko utakaoukuta mbele utataka karatasi hiyo. Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo unafaa kwa vitu vidogo vya wote kama tangi au mabomba. TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ni mlango mwingine ambao watu huusahau kwa kudhani ni posho za kaya maskini tu. Ina kazi za ajira za muda ambazo walengwa hulipwa kwa kupanda mikoko, kujenga matuta na kufukua mitaro, na kazi hizo huibuliwa na jamii yenyewe. Kwa kikundi kilichosajiliwa na chenye akaunti ya benki, kuna mpango wa ruzuku ndogo wa Mfuko wa Mazingira wa Dunia, unaosimamiwa na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, ambao kwa miaka mingi kikomo chake kilikuwa dola 50,000 na ambao unataka nanyi mchangie, iwe kwa fedha au kwa nguvu. Zile habari za dola milioni 200 za kilimo zilizoidhinishwa mwaka 2021, nusu kutoka Mfuko wa Kijani wa Tabianchi na nusu kutoka benki ya CRDB, zisikuchanganye. Kwa mkulima sehemu kubwa ya hizo ni mikopo, si ruzuku, na hapa kwetu mtu ana haki ya kuuliza habari ya riba kabla ya kutia saini.

Nirudi kwenye pampu. Tulipata fedha kidogo kuliko tulizoomba, na upungufu ule ukatulazimisha kufikiri. Fundi wa mwanzo alitaka tununue betri ili pampu ifanye kazi usiku. Betri zingekula zaidi ya thuluthi ya fedha zote, nazo ndizo hufa mapema kuliko kitu chochote katika mfumo wa jua. Mzee mmoja wa kamati, ambaye hajui kusoma mchoro wa umeme, akauliza kwa nini tuweke umeme akiba wakati tunachokitaka ni maji. Tukaacha betri, tukanunua tangi la lita 10,000 na kulijengea mnara, na paneli 8 za wati 250 zinavuta maji mchana tu, usiku watu wanateka ya tangini. Waya wa ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, hatukuukata. Siku za masika jua linapojificha tunautumia, na siku umeme unapokatika kituo cha afya hakikosi maji. Umeme wetu wa Pemba, kama ujuavyo, unatoka Tanga kwa waya mmoja wa kilovolti 33 uliolazwa chini ya bahari na kuanza kazi mwaka 2010 badala ya majenereta ya Wesha, na sote tunakumbuka Unguja walivyokaa gizani karibu miezi mitatu, kuanzia Disemba 2009, waya wao ulipokorofisha.

Michango ya shilingi 2,000 hatukuifuta, ingawa wako waliotaka ifutwe siku ileile. Tulikubaliana kwamba 1,000 iwe ya matengenezo ya pampu na 1,000 iingie katika mfuko wa kuzunguka, ambao kila mwezi nyumba mbili au tatu hukopeshwa bila ya ziada ili wabadilishe mpira wa friji, taa, waya mbovu, au wanunue mtungi wa gesi na jiko lake. Watu wengi wamechagua gesi, nami nawaunga mkono, kwani katika nyumba za huku kuni, makaa na makumbi ndiyo nishati kubwa kuliko umeme. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania wafike huko ifikapo mwaka 2034. Mke wangu amefika nusu: chai na mboga kwa gesi, mkate wa kumimina lazima makaa, na hilo halina mjadala nyumbani kwangu.

Ombi letu lilikuwa pia na sehemu ya kupanda mikoko, na nisikufiche, hiyo ndiyo iliyoharibika. Fedha zilitarajiwa kabla ya masika, zikapita ofisi baada ya ofisi, zikafika jua limeshakuwa kali. Ingefaa tungoje, lakini tuliogopa zitarudishwa mwaka wa fedha ukiisha, kwa hiyo tukapanda mbegu za mkoko haraka haraka mahali palipokuwa wazi. Pale palikuwa juu, maji huingia wakati wa bamvua tu, bahari inapojaa sana, na chumvi imekauka juu ya udongo kama unga. Mkoko hauwezi hapo. Katika aina za miti ya mikoko, mchu ndio unaostahamili, na upande wa baharini kabisa ni pahala pa aina nyingine, mlilana. Wavuvi wetu walilijua hilo tangu utotoni ila hakuna aliyewauliza, kwani mbegu za mkoko ndizo rahisi kuokota na kuzihesabu kwenye ripoti. Ilipofika vuli ilikuwa imesimama miche michache kando ya mkondo, na katika ripoti tuliandika idadi hiyo hiyo, jambo lililomuudhi aliyekuwa akitusimamia. Mwaka uliofuata tulipanda mchu kwa nguvu zetu wenyewe, nayo ipo.

Kwa hiyo barua ya pili msiiandike bado. Tafuteni kwanza ni kitu gani cha wote kinachowachangisha kila mwezi, iwe pampu, taa za msikiti au mashine ya kusaga, mwanze kukiandikia risiti. Daftari letu nitalipiga picha nikuwekee hapa ukurasa wa mwanzo ili mzichore safu kama zetu, na mkishamaliza wiki nne za mita nipe hesabu ya pampu au hicho mtakachokichagua, tukae tuitazame pamoja kabla ya kumwendea sheha.