Greener ya mjomba

Wiki hii mmeuliza zawadi gani tumewahi kumpa mtu ambayo haipatikani dukani. Yangu mimi ni bunduki, na kabla hamjashtuka, bunduki yenyewe ilikuwa yake tangu zamani na leseni ina jina lake, mimi nilichompa ni kuifufua tu.

Mjomba yuko Kilosa, analima mahindi, na aliyewahi kulima mahindi kule anajua yakianza kutoa ndevu wewe hulali tena, mchana ngedere usiku nguruwe pori, na nguruwe haji mmoja, linakuja kundi zima likiondoka robo eka imelala chini. Likizo za shule zote nilikuwa napelekwa kwake, tunapanda wote dunguni, yeye na bunduki yake ya Greener mimi na debe la kupiga. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyenilipia ada mpaka kidato cha nne. Kwa hiyo nilipoanza kupata vijisenti nikasema huyu mzee simpelekei shati wala kanzu, anazo na hazivai.

Greener kwa wasioijua (ingawa jina mmelisikia sana kwenye taarifa za polisi) ni shotigani ya mtutu mmoja, ilitengenezwa Birmingham kule Uingereza na kampuni ya W.W. Greener. Haikunjwi katikati kama zile za mitutu miwili. Unashusha mkono wa chuma uliopo nyuma ya triga, kipande cha ndani kinainama, unasukuma risasi moja kwa kidole, unarudisha mkono, basi, ni mtambo ule ule wa Martini ambao jeshi la Waingereza lilianza kuutumia kwenye bunduki zao mwaka 1871. Kitu kigumu kweli, lakini hii ya mjomba ilikuwa na kutu mpaka rangi ya chuma huioni, na kitako kilikuwa na ufa shingoni, pale mkono wa kulia unaposhika, amepafunga mpira wa tyubu ya baiskeli ukazunguka mara kumi hivi.

Mpango wangu ulikuwa sapraizi, ukafa siku ya kwanza. Silaha ni ya mwenye leseni, siwezi kuiweka kwenye begi nikapanda nayo basi, na hata ningeweza mjomba asingekubali. Ikabidi nimwambie ukweli na kazi yote ifanyike uani kwake, chini ya mwembe, yeye amekaa kwenye kigoda ananitazama kama anamtazama fundi anayemuibia bati. Akahakikisha haina risasi mara mbili, mimi mara ya tatu. Kitako cha Greener kimeshikwa na bolti moja ndefu inayopita ndani kwa ndani, unaifungua kutokea nyuma kwa bisibisi ndefu. Kilipochomoka tu mjomba akaichukua sehemu ya chuma akaenda kuifungia kabatini, nikabaki na kipande cha mti.

Mti huo raha yake ni hivi. Zile sehemu zilizobonyea kwa kugongwa usikimbilie msasa, utaumaliza mti bure. Unalowesha kitambaa cha pamba, unakiweka juu ya pale palipobonyea, unagandamiza pasi ya moto, mvuke unaingia kwenye nyuzi za mti zinavimba zinarudi juu. Mimi nilitumia pasi ya mkaa ya shangazi, nikaunguza kitambaa kimoja, lakini mashimo mengi yalinyanyuka mbele ya macho yetu na mjomba akasogeza kigoda karibu bila kusema kitu. Ufa nikauosha kwa petroli kutoa mafuta ya miaka yote ile, nikaujaza gundi ya Araldite, nikaukaza kwa mpira ule ule wa tyubu, siku nzima hatukuugusa.

Halafu nikaharibu. Nilikuwa nimekuja na kopo la vanishi ya fanicha, nikapiga mikono mitatu, kitako kikang'aa mpaka unajiona uso. Nikamwita mzee aone. Akakizungusha zungusha juani akasema, "Mjomba, umenitengenezea kabati." Kisha akanieleza kwa upole kwamba mbalamwezi ikipiga hapo nguruwe watamuona kabla yeye hajawaona, na mkono wenye jasho utateleza.

Siku mbili za tina, ile ya kuyeyushia rangi, na msasa kutoa ujinga wangu. Nikafuata linsidi mjini, mafuta ya mbegu za kitani, yale yanayouzwa kama yaliyochemshwa, unapaka kidogo sana kwa kiganja unasugua mpaka kiganja kinapata moto, unafuta inayobaki, unaacha ikauke mpaka kesho, unarudia, mimi nilifanya hivyo siku sita. Haing'ai, inakuwa kama ngozi ya mtu aliyejipaka mafuta vizuri. Na jamani matambara yenye linsidi msiyakunje mkayatupa kwenye kona, yanajipasha moto yenyewe na yanaweza kuwaka, yatandazeni nje yakauke.

Chuma cha nje tulikisugua kwa stilwaya laini na oili ya cherehani, taratibu, kutu ikatoka, na alama ndogo za kiwanda tukazizunguka tusizifute. Ndani sikugusa, hilo lilikuwa la fundi wa silaha mwenye kibali, mjomba alienda mwenyewe na kitabu chake cha leseni, bili nikalipa mimi. Fundi akabadilisha springi moja, akamulika mtutu kwa tochi, akasema ndani ni safi kuliko alivyotegemea. Pia akapima chemba, pale risasi inapokaa, maana bunduki nyingi za kizamani za Kiingereza zilitengenezwa kwa risasi za inchi 2 na nusu na watu wanazilazimishia hizi za sasa za milimita 70, inaingia vizuri tu lakini ikifyatuka mdomo wake hauna nafasi ya kufunguka na presha inapanda. Ya mjomba ilikuwa sawa, ni ya milimita 70.

Msimu uliofuata nikaenda kumsalimia mahindi yakiwa yamekomaa. Shikamoo, marahaba mjomba, chai, habari za mjini. Jioni akaitoa kabatini tupande dunguni, chuma kimepakwa oili, mti umetulia, ufa huuoni kabisa, kwa sababu mpira wa tyubu ameufunga tena palepale, mizunguko kumi. Nikamuuliza mjomba si niliuziba huu, akaniambia anajua umeziba, ila gizani mkono wake unautafuta mpira kwanza ndio unajua triga iko wapi.