Uyoga ni mmea? Jibu la mfuga uyoga kutoka Muleba

Mleta mada ameeleza kwamba mtoto wake wa darasa la sita amerudi na swali: uyoga ni mmea au siyo? Na kama siyo, mbona hauna miguu, unaota ardhini, na sokoni unapangwa meza moja na mchicha? Wadau waliotangulia wamevutana. Mmoja kasema kisichotembea ni mmea, mjadala ufungwe. Mwingine kasema uko katikati, nusu mmea nusu mnyama. Mimi baiolojia niliishia kidato cha nne, ila naotesha uyoga mamama, ule Wazungu wanaouita oyster, kwa ajili ya kuuza, na kazi hii usipoelewa kiumbe chenyewe kinakula nini, mtaji unaoza mbele ya macho yako.

Jibu la kuandika kwenye daftari: siyo mmea wala siyo mnyama, una himaya yake, yaani kundi lake kuu la viumbe, ya fangasi, pamoja na hamira, ukungu wa mkate na fangasi za miguuni. Wanaosema ni mmea wasichekwe. Linnaeus, yule Mswidi wa karne ya 18 aliyepanga majina ya viumbe, alikuwa na makundi mawili tu ya vyenye uhai, wanyama na mimea, na uyoga ukaangukia kwenye mimea. Ni mwaka 1969 ambapo Mmarekani Robert Whittaker alitoa mpangilio wa himaya tano ulioingia mashuleni, fangasi wakiwa na ya kwao. Wazazi wetu wengi walisoma ule wa zamani.

Sasa sababu, maana mtoto mwenye akili atauliza tu.

Mmea hujitengenezea chakula. Una umbijani, ile rangi ya kijani, inayonasa nguvu ya jua ili maji na hewa ya kaboni yawe sukari. Uyoga hauna umbijani hata chembe. Lazima ule kilichotengenezwa na mwingine. Mimi naulisha majani makavu ya mgomba. Nayakatakata, nayaloweka, nayachemsha kwenye pipa, yakipoa nayashindilia kwenye mifuko ya nailoni pamoja na mbegu. Watu huuliza kwa nini kuchemsha, mbona mchicha hauchemshiwi udongo? Kwa sababu chakula hicho kinagombaniwa. Bakteria na ukungu wa kijani wanakitaka pia, na ukungu huo una kasi kuliko mamama. Mfuko ukishaonyesha madoa ya kijani, utoe bandani mara moja, usibishane nao.

Hiyo tunayoita mbegu ni punje za mtama zilizochemshwa zikavikwa utando mweupe. Huo utando ndio kiumbe chenyewe. Ni nyuzi nyembamba kuliko unywele, zinarefuka kwenye ncha na kugawanyika, na baada ya kama wiki tatu gizani mfuko mzima umekuwa mweupe. Kile tunachochuma na kukaanga na vitunguu ni kiungo cha uzazi tu, kinachotokeza nje ili kumwaga spora, zile chembe ndogo za kuzaliana. Ndiyo maana ukiukuta uyoga porini ukauchuma, mwenyewe bado yuko chini ya ardhi au ndani ya gogo, anaendelea na shughuli zake.

Na shughuli zake ni kula. Hapa mtoto aambiwe kwa utaratibu, kwa sababu ndipo tofauti zote zinapotoka. Sisi tunaingiza ugali ndani ya bomba refu, mate yanaanza kuuvunja mdomoni, tumbo na kongosho vinaongeza vimeng'enya vyao, yaani kemikali za kuvunja chakula, kisha utumbo mwembamba unafyonza kilicholainika. Fangasi hufanya kinyume: huingia ndani ya chakula, humwaga vimeng'enya nje ya mwili, humeng'enya pale pale, kisha hufyonza. Chukulia utumbo uliogeuzwa nje ndani kama soksi. Mtu wa hivyo hahitaji mdomo, na hahitaji kutembea kama amezama ndani ya sahani yake. Kwa hiyo yule mdau wa "kisichotembea ni mmea" ajue kwamba sponji na matumbawe nao wamejishikiza mahali pamoja na ni wanyama kamili.

Ushahidi uko kwenye mifuko yangu. Ukimaliza kuchuma mikupuo yote, mfuko umenywea na umekuwa mwepesi. Sehemu ya majani imegeuka uyoga, sehemu imechomwa mwilini ikatoka kama hewa ya kaboni na maji, kama unavyofanya wewe na ugali wako. Uyoga unavuta oksijeni usiku na mchana. Banda likikosa hewa, hewa ya kaboni inajaa na uyoga unatoa vikonyo virefu vyenye vikofia kama vifungo vya shati, hauuziki. Wageni wakiona hivyo husema umekosa jua. Hapana, fungua madirisha. Mwanga kidogo unahitajika kweli, lakini ni wa kuuashiria kwamba umefika nje na uchanue, haupiki chakula.

Kuhusu "nusu mnyama": siyo nusu, ila aliyesema hivyo hakuota. Tangu miaka ya 1990, vipimo vya vinasaba vimeonyesha kwamba fangasi na wanyama wana ukoo wa karibu zaidi kuliko fangasi na mimea. Uyoga uko karibu na wewe kuliko ulivyo karibu na mgomba. Ukuta wa seli zake umejengwa kwa kitini, kitu kile kile kilichomo kwenye gamba la senene na kamba, wakati mmea unajenga kwa selulosi. Akiba yake ya chakula ni glikojeni, kama iliyoko kwenye ini na misuli yako. Mmea huweka wanga. Wapo hata fangasi wadogo wa majini ambao spora zao huogelea kwa mkia mmoja unaosukuma kutokea nyuma, sawasawa na mbegu ya mwanaume. Hilo la mwisho mzazi aamue mwenyewe kama darasa la sita wanalihitaji.

Ukaribu huo una gharama yake hospitalini. Antibiotiki kama penisilini hushambulia ukuta wa bakteria, ambao sisi hatuna, na wa fangasi ni ule wa kitini, siyo huo. Ndiyo maana mwenye mapunye akimeza vidonge vya antibiotiki haponi. Dawa za fangasi inabidi zilenge vitu vichache tunavyotofautiana. Nyingi zinalenga ergosteroli, mafuta yaliyo kwenye utando wa seli zao mahali ambapo sisi tuna kolesteroli. Na ergosteroli hiyo hiyo ikipigwa na jua hugeuka vitamini D, kama ngozi yetu inavyotengeneza ya kwake. Ukianika uyoga, geuza kofia upande wa chini utazame juu.

Mdau mmoja kauliza kwa nini ule mkubwa wa kwenye vichuguu haulimwi, wakati mtamu kuliko mamama. Kwa sababu tayari una mkulima wake. Mchwa wa vichuguu vile hula majani na miti, lakini lignini, ile inayoufanya mti uwe mgumu, inawashinda. Basi kinyesi chao wanakijenga kama sega ndani ya kichuguu na kuotesha humo fangasi wa aina ya Termitomyces. Fangasi analainisha, mchwa wanakula. Kichuguu chenyewe wanakitunza kwenye joto la karibu nyuzi 30, na palizi ya fangasi wageni hawaachi. Wameanza kilimo hicho yapata miaka milioni 30 iliyopita, sisi na mahindi yetu tuna kama elfu tisa. Mvua zikinyesha fangasi hupenyeza shina refu hadi juu, ndio ule mnaouona. Bila mchwa hautoi uyoga, na anayewauzia mbegu zake anawapiga.

La kuchuma porini siandiki mengi. Vipimo vya mtaani, mara ukiliwa na konokono ni salama, mara uchemshe na kitunguu uone kama kinabadilika rangi, vyote ni uongo. Sumu ya uyoga wenye kuua wa jamii ya Amanita haiondoki kwa kupikwa, dalili huchelewa saa sita au zaidi, kisha mgonjwa huonekana amepata nafuu huku ini linaharibika. Na siyo uyoga tu: ukungu wa Aspergillus kwenye mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu hutoa sumukuvu, na Kenya mwaka 2004 watu 125 walikufa kwa hiyo. Mahindi yaliyooza msiwape hata kuku.

Mleta mada, kama mtoto anataka kuona kwa macho, nunua mamama mbichi uliochanua vizuri, kata kofia, ilaze kwenye karatasi nyeusi upande wenye vipande vyembamba ukiwa chini, ifunike na bilauri mpaka asubuhi. Atakuta mchoro mweupe wa unga. Kila chembe ya unga huo ni spora. Asiupulize, na jaribio hilo msilifanyie chumba cha kulala, hasa kama kuna mwenye pumu. Sisi wa bandani tunavaa barakoa wakati wa kuchuma kwa sababu hiyo hiyo.